Zilizosikia Amri

Mto wetu bado umeganda, unabeba magari,
lakini sisi tumekuja kwa ndege ya viti tisa,
Evon dirishani, hanitazami.
Kutoka Betheli hadi Ankoreji
amesema neno moja: "Baridi."

Na chumba hiki kina joto.

Marivic, fundi wa picha, anampaka jeli,
anaomba radhi kwa ubaridi wake,
anafunika kwa taulo panapofunikika.
Kile kidude kinapita, kinarudi, kinasimama,
na kwenye kioo, katika kijivu laini kama ini la samaki,
naona doa jeusi.
Na jingine upande wa pili.
Kama yale matunda-mwitu tunayochuma Agosti,
yanayotia meno weusi.
Marivic hasemi kitu. Anapima. Mashine inalia: ti, ti.

Daktari Lindqvist ana sauti ya mtu asomaye hesabu za duka.
Hasemi "kule". Hasemi "sehemu zake".
Anasema korodani, mara nne, mbele ya mtoto,
na mara ya nne nikaacha kutazama viatu vyangu.

Si saratani. Anaanza na hilo, Mungu ambariki.
Kisha anachora nyuma ya bahasha:
mtoto angali tumboni, mdogo kuliko kidole gumba,
korodani zikiwa bado juu, jirani na figo,
jirani na zile tezi zinazotunza chumvi ya mwili.
Zikihama kushuka, chembe chache za jirani hushuka nazo,
kama mtoto aliyesinzia kwenye sleji ya watu
akaamkia kambi isiyo yao.
Wengi wetu, chembe hizo hufifia, hazidai kitu.
Lakini tezi za Evon zilizaliwa na kasoro,
nusu yangu, nusu ya mama yake,
na ubongo usipotulizwa na kidonge
hupaza sauti mchana na usiku: Fanyeni kazi!
Tezi haziwezi.
Wale waliopotea ndio wanaosikia.
Huamka. Hukua.

Nilikuja na chuki yangu tayari, nimeinoa njia nzima,
nikaonyeshwa utiifu.
Utamchukiaje anayeitika akiitwa?

"Kidonge cha usiku humeza?"
Humeza, nikajibu. Namtilia mimi mwenyewe kiganjani.
Evon akasema, taratibu, kwa dari:
"Natupa kwenye tundu."

Tundu letu la kuvulia.
Lile ninalolichonga upya kila asubuhi
ndevu zangu zikiota barafu.
Tangu Novemba, kimoja kimoja,
chini kwenye maji meusi.

"Nilipokuwa na miaka saba niliwapita wote kimo.
Sasa wote wananipita. Vidonge vimefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na Nastasya,
dada yangu, ambaye hakufikisha wiki ya tatu,
aliyetapika hadi chumvi yote ikamtoka
na karatasi ya zahanati ikaandika: tumbo.
Sijawahi kumtaja jina nyumbani mwangu.
Nikamtaja pale, juu ya jeli na taulo,
na Marivic akajifanya anapanga nyaya.

Evon akavuta suruali.
"Nitapata watoto?"
Daktari hakukimbilia kusema ndiyo.
"Huenda. Ndiyo maana tunawahi."
Dozi imebadilishwa. Picha tena baada ya miezi sita.

Saa tatu usiku, nyumbani, mkono umenyooshwa mbele yangu
kabla sijafungua chupa.
Sisemi tumeshinda. Ni usiku mmoja.

Asubuhi nikapiga barafu, tundu likafunguka,
nikamvuta samaki wa ndevu moja kidevuni,
mnene, mzito, tumbo kama mfuko wa unga.
Evon akainama, akamchungulia kinywani.
"Baba," akasema, "mwizi ndiye huyu."
Akacheka, nami nikacheka,
hadi nikalazimika kuketi juu ya ndoo.